Maji Safi ya Mzee Gurudumu

Ndugu, majirani, wateja wa marehemu na wote mlioacha shughuli zenu leo kuja kumsindikiza, familia inawaomba mkae vizuri, maana karatasi hizi si chache, na ipo sehemu yake ambayo haitapendeza masikioni. Tumekaa vikao viwili kuhusu jambo hili. Wapo kati yetu waliotaka isomwe historia ile tuliyoizoea, ya mtu aliyezaliwa mwema, akaishi mwema na kufa mwema, lakini marehemu mwenyewe, akiwa bado na sauti, alimwambia binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea haya, "Msinipake rangi. Gari bovu likipakwa rangi ndilo linaloua watu." Basi tunaisoma kama alivyoiacha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Gurudumu, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1958, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba vitatu iliyotazamana na bomba la umma, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, baba yake akiwa mwezeka mabati na mama yake mshona magunia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba huyu wa tano alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Alilia akishikwa na mkono wenye majimaji. Nzi akitumbukia kwenye uji wake, siku hiyo uji haunyweki, na kesho yake haunyweki, na kikombe kile hakigusi tena mpaka kisuguliwe kwa majivu mbele ya macho yake. Ndugu zake walimwita Bwana Harusi, wakamcheka mpaka wakachoka, naye hakubadilika.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kumaliza Novemba 1972, na katika miaka hiyo saba hakuongoza somo hata moja, ila alikuwa kiranja wa usafi kwa miaka minne mfululizo, akikagua kucha na kola za wenzake kwa ukali ambao hata walimu hawakuwa nao. Mwaka aliomaliza, baba yake alianguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga, na safari ya masomo ikaishia hapo.

Tarehe 12 Februari 1973 aliingia gereji na kujifunza kuziba pancha, mwaka 1979 akawa msaidizi wa dereva wa lori, mwaka 1981 akawa dereva mwenyewe, na kwa miaka mitano akaijua barabara kuu ya ukanda wetu wote, miji mitano inayofuatana kama shanga, kila mji na mzani wake, kila mzani na ugomvi wake. Ni kwenye mzani wa mji wa tatu ndipo alipokutana na karani mmoja, binti mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliyelisimamisha lori lake mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa kuzidisha uzito. Mara ya nne marehemu alishuka akamuuliza, "Dada, hivi mimi nikifanya nini utaniachia?" Akajibiwa, "Ukipunguza." Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, naye ndiye mjane aliyekaa hapa mbele yenu. Walijaliwa watoto wanne, binti mkubwa ambaye ni mwalimu, kijana ambaye ni fundi umeme, na mapacha wawili wa kike, pamoja na wajukuu sita.

Tarehe 1 Julai mwaka huo huo wa ndoa alikuwa ameshafungua duka lake la matairi, na mwaka 1997 akaanza biashara iliyompa jina na nyumba, ya kupokea matairi yaliyotumika kutoka ng'ambo, kuyachambua, na kuyasambaza katika miji yote mitano. Uwanja wake mnaujua. Uko nyuma ya nyumba, ukuta wake wa kulia ndio ukuta wa karakana ya jirani yetu fundi seremala, na matairi yalipangwa humo kwa milundo iliyoupita ukuta, matairi ya magari madogo upande wa jiko, ya malori upande wa geti, elfu tatu na ushee katika mwaka mzuri. Yalikaa nje, juani na mvuani. Uwanja ulifagiliwa asubuhi na jioni, kutema mate ilikuwa marufuku, na mtu aliyekojoa nyuma ya mlundo alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Marehemu alitembea na kikombe chake, hakunywa kwenye kikombe cha mtu, na kando ya mlango wa jiko aliweka pipa la maji ya mvua kwa matumizi yake peke yake, ya kunawa uso, kusukutua mdomo na kusuuza kikombe hicho, kwa kuwa maji ya bomba aliyaona yana harufu ya kutu.

Mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Alisema mbu wanamng'ata mchana kweupe anapoanika nguo, mbu weusi wenye madoa meupe miguuni, wanang'ata kifundoni na nyuma ya goti, na hata hawapigi kelele. Marehemu alicheka akamwambia, "Mbu wa mchana? Mbu gani huyo asiyejua saa?" Mama akanyamaza. Alinyamaza kwa miaka mingi, na ametuomba tuliandike na hilo.

Sasa tunafika pale ambapo baadhi yetu walitaka turuke.

Tarehe 14 Novemba 2018 alikuja uwanjani mama mmoja, mtaalamu wa wadudu kutoka ofisi ya afya ya mkoa, amevaa mabuti ya mvua na ameshika bakuli jeupe la plastiki, na vijana wa uwanjani hawakukawia kumbandika jina la Mama Bakuli. Marehemu alimkaribisha chai. Mama Bakuli alimweleza kwamba katika miji mitano ya barabara kuu kuna homa inayoangusha watu mitaa kwa mitaa, inauma nyuma ya macho na kwenye viungo kama mtu aliyepigwa kwa mchi, kwamba hospitalini wanaipima malaria wanaikosa kisha wanaiandika malaria hivyo hivyo, na kwamba yeye anaamini ni homa ya dengi, ile ambayo wazee waliiita kidingapopo. Marehemu alisikiliza vizuri. Chai ilikuwa katikati ya kikombe mama yule alipoomba kutazama ndani ya matairi.

"Mama," marehemu alimwambia, "uwanja huu unafagiliwa mara mbili kwa siku. Nenda kwenye mitaro ya sokoni, kule ndiko kunakonuka."

"Mbu ninayemtafuta hapendi maji yanayonuka, baba. Anapenda maji ya mvua, yaliyotulia, yenye kivuli. Kama haya yako."

"Kwa hiyo usafi sasa ni kosa?"

"Kosa ni maji kusimama."

Marehemu alisimama, akamwaga chai iliyobaki kwenye kikombe cha mgeni, akamwonyesha geti. Alisema baadaye kwamba hakukasirishwa na habari ya mbu, alikasirishwa na neno moja tu, kuambiwa mchafu nyumbani kwake, na mtu aliyeshika bakuli.

Siku mbili baadaye akaja bwana afya wa mtaa wetu, aliyetumwa kukagua uwanja rasmi na kuandika ripoti. Hakuvaa mabuti. Hakuingia hata hatua kumi. Alikaa kwenye benchi la ofisi dakika ishirini, akaondoka na matairi manne ya gari dogo, mazima, yasiyo na kipara hata kimoja, na ripoti aliyoipeleka ilikuwa na maneno haya: uwanja umekaguliwa, hakuna mazalia ya mbu. Marehemu ameagiza hili lisomwe kama lilivyo, bila kulainishwa. Binti yake alipomwambia, "Baba, yule mtu atakuja msibani," alijibu, "Ndiyo maana nakwambia uandike." Hatumtaji jina. Yumo humu, amepokewa kama mgeni mwingine yeyote, na gari lake liko pale nje chini ya kivuli.

Tumeambiwa na wanaojua kwamba ripoti ile haikubaki kwenye faili la mtaa, ilipanda mpaka kikao cha mkoa, ikawekwa pamoja na nyingine za namna yake kutoka miji mingine, na wakubwa wakaona hakuna sababu ya kuwatia wananchi hofu, wakakubaliana kuiita homa isiyojulikana. Mtu anaweza kuvumilia harufu ya choo, maana choo hakikudanganyi. Karatasi safi yenye muhuri, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, na ndani yake kuna mizoga, hiyo ndiyo inayotia kichefuchefu.

Mvua za mwaka 2019 zilianza mapema. Marehemu mwenyewe aliugua siku sita kuanzia tarehe 8 Machi, mtaalamu wa maabara akamwambia hana malaria, yeye akamwamuru arudie kipimo, akaambiwa tena hana, akanunua dawa ya malaria kwa ubishi akameza, na alipopona akasema mnaona. Tarehe 17 ya mwezi huo huo aliugua mke wa jirani yetu fundi seremala. Alipewa dawa ya malaria siku tatu. Alipewa aspirini kwa ajili ya viungo, kitu ambacho mgonjwa wa dengi hapaswi kupewa, maana kinazidisha kutoka damu. Siku ya tano homa ilishuka, wote wakashukuru, siku ya sita fizi zikaanza kutoka damu, na tarehe 24 Machi 2019 akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa mwanamke mcheshi, akisikia nyundo ya mumewe imenyamaza alipiga kelele kutoka jikoni, "Umelala wewe au umelala msumari?" na uwanja mzima ulikuwa ukicheka.

Marehemu alitoa lori lake kubeba jeneza. Alikaa mstari wa mbele. Alisimama kwa niaba ya majirani akasema kazi ya Mungu haina makosa. Alipokuwa akimsimulia binti yake jambo hili hakulia, alitazama ukuta akasema, "Mungu nilimsingizia." Binti alimuuliza kama siku ile alikuwa anajua. Akajibu, "Nilijua kidogo. Nilijua kiasi cha kutotaka kujua zaidi."

Miaka minne ikapita hivyo, wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua, naye akaficha, biashara ikaenda, lori likapakia na kushusha. Hapa tunaomba tueleze kitu ambacho familia nayo haikukijua, maana kinawahusu walio na maduka ya matairi hata katika miji mingine. Mbu huyu hatagi juu ya maji, hutaga pembeni, kwenye ukuta wa ndani wa tairi, mayai meusi madogo kama vumbi la mkaa. Maji yakikauka mayai hayafi. Yanagandamana na mpira, yanakaa miezi, yanapanda lori, yanasafiri mji hadi mji, yanapangwa dukani, na mvua ya kwanza ikiingia ndani ya tairi yanaanguliwa kana kwamba hayakuwahi kuhama. Mama Bakuli alikuwa na daftari. Katika kila mji aliuliza wagonjwa wanaishi mtaa gani, kisha akatafuta duka la matairi lililo karibu, kisha akauliza mzigo umetoka wapi, na kwa miaka minne, wakati wakubwa zake wakimwambia apumzike, jibu lilikuwa moja katika maduka mengi kuliko alivyotaka. Mzigo umetoka kwa Mzee Gurudumu.

Tarehe 9 Februari 2023 alirudi. Safari hii alikuwa na barua ya mkoa, ambao hatimaye ulikuwa umekubali kuiita dengi kwa jina lake, baada ya watu kujaa wodini katika miji yote mitano mpaka hakuna mahali pa kuficha. Marehemu alimpokea wima, hakumpa chai. Mama Bakuli hakubishana naye. Alimpa bakuli.

"Chota mwenyewe, baba. Chagua tairi unalolipenda. Mimi siligusi."

Marehemu alichagua tairi la lori lililokuwa juu kabisa, jipya kuliko yote, akachota, akalileta bakuli kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe kama ya kunywa. Ndani yake kulikuwa na viluwiluwi zaidi ya hamsini, wananing'inia vichwa chini, wanajikunja na kujikunjua, wanapanda kuvuta hewa na kushuka, wengine wamevimba vichwa wakiwa karibu kuota mbawa, na kati yao zilielea ngozi walizokwisha kuzivua, nyembamba, za rangi ya makohozi. Marehemu alimwaga, akachota tairi la pili. Akamwaga, akachota la tatu. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alikwenda mlangoni mwa jiko, akainua kipande cha bati kilichofunika pipa lake, bati ambalo lilikuwa limeoza pembeni kwa kutu, akachota.

Mama, mjane wake, alikuwa amesimama pale mlangoni. Anasema marehemu alilishika bakuli kwa mikono miwili akalipeleka kwenye mwanga. Walikuwemo. Walikuwemo wengi kuliko kwenye matairi, wamenona, wametulia, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa pipa lile. Miaka ishirini na sita alikuwa akisukutua mdomo kwa maji hayo.

"Wanakula nini?" aliuliza.

"Uchafu, baba. Ule ambao macho hayauoni."

Marehemu aliliweka bakuli chini taratibu, akaenda nyuma ya ukuta, akatapika mpaka akaanza kutapika nyongo. Aliporudi alikuwa ameshika dumu la mafuta ya taa na kiberiti, anataka kuuchoma uwanja mzima, matairi yote, siku hiyo hiyo. Mama Bakuli alimshika mkono. Alimwambia moshi wa matairi utaua watoto wa mtaa huu kwa vifua kabla mbu hajawamaliza, na kwamba kazi hii haina mkato, ni kumwaga, kusugua kwa brashi ya waya, kutoboa yale mabovu yasishike maji, na kuyaezekea mazima. Marehemu aliuliza itachukua muda gani. Akaambiwa, ukianza leo, miezi. Akasema, "Nipe brashi."

Ndivyo alivyoishi wiki zake saba za mwisho za uzima. Akiwa na miaka sitini na minne, amevaa mikono mirefu juani, aliinama ndani ya tairi moja baada ya jingine akisugua, anakohoa kwa karaha, anatema mate kwenye uwanja ambao mtu hakuwahi kutemea. Chakula kilimshinda. Alisema kila punje ya wali anaiona inajikunja. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, na bado alivinusa vidole vyake.

Mwezi Machi alipanda lori mwenyewe akaenda mji wa kwanza na wa pili kuwaambia wenye maduka wasugue na kutoboa. Wa mji wa kwanza alimsikiliza. Wa mji wa pili alimcheka mbele ya wateja, "Mzee, umeokoka lini?" na marehemu akajibu, "Sijaokoka. Nimechota." Miji mitatu hakuifikia. Alikwenda pia kwa bwana afya kumwomba ile ripoti ya zamani irekebishwe, akajibiwa, "Mzee, faili lile limefungwa. Unataka kutuchafua?" Akamwambia, "Tumeshachafuka, mdogo wangu, naomba tuoge," na mlango ukafungwa.

Mahali pamoja alishindwa. Alikwenda mara mbili kwenye karakana ya fundi seremala, hatua thelathini kutoka kwetu. Mara ya kwanza alisimama, akatazama randa ikipita kwenye mbao, akaagiza stuli. Mara ya pili akaichukua stuli. Hakusema zaidi ya habari za kazi. Alipoulizwa na mkewe kwa nini, alisema mdomo ulijaa maji ya lile pipa.

Tarehe 2 Aprili 2023 alishikwa na homa akiwa anasugua. Safari hii hakubisha, alisema tu, "Ndiyo yenyewe," akaenda hospitali kwa miguu yake. Daktari alitueleza kwamba dengi ina aina nne, ukiugua moja na kupona huwezi kuugua hiyo tena, lakini ya pili ikikukuta mara nyingi inakuja na ukali zaidi. Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na muuguzi akamfungia chandarua saa tano mchana, ili mbu wasimng'ate wakaichukua homa kutoka kwake na kuwapelekea wengine. Alilipenda jambo hilo. Alimwambia muuguzi, "Nifunge vizuri, binti yangu. Nimeshawagawia wengi."

Tarehe 7 Aprili homa ilishuka, na sisi, ambao tulikuwa na mfano mlango wa pili, tukasahau kila kitu tukafurahi. Jioni tumbo likaanza kumuuma. Kesho yake fizi zikatoa damu, mikono ikatoka madoa mekundu, chembe zinazogandisha damu zikawa zinashuka kila wakipima. Siku hiyo ya tarehe 8, asubuhi, ndipo alipomwita binti yake alete karatasi, akaanza kumtajia haya. Baada ya hapo alitapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, shuka zikabadilishwa mara nne, na yeye, mtu wa kinyaa kile, alilala ndani ya harufu yake mwenyewe akiwaomba wauguzi radhi kila walipomgeuza. Muuguzi alimwambia, "Mzee, hii ndiyo kazi yetu." Akasema, "Hapana. Hii ilikuwa kazi yangu."

Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 11 Aprili 2023, saa nane mchana.

Jana asubuhi binti yake alikwenda karakana kwa fundi seremala na karatasi hizi. Hatukutaka mtu huyu alisikie jambo hili kwa mara ya kwanza akiwa amekaa katikati ya watu. Alimkuta akipiga randa kifuniko cha jeneza, kazi aliyojitolea mwenyewe kama jirani kabla hajajua lolote. Alisomewa yote akiwa amesimama. Aliiweka randa kando.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua kidogo."

"Na wewe?"

"Mimi nimejua kitandani kwake."

Fundi alipangusa vumbi la mbao kwenye ule ubao, akapangusa tena mahali pale pale. "Someni," alisema. "Lakini wa kwangu waliandika malaria. Kwenye cheti chake mpaka leo ni malaria. Kama mnasoma, lisomwe jina hasa la kilichomuua." Kisha akamwambia binti aende, amwache amalize kazi.

Kwa hiyo tunasema mbele yenu wote kwamba mke wa jirani yetu, aliyefariki tarehe 24 Machi 2019, alikufa kwa homa ya dengi, na kwamba mbu waliomng'ata walizaliwa upande wetu wa ukuta. Jeneza lililetwa leo alfajiri, limesuguliwa vizuri. Fundi amekaa pale nyuma. Hatujui moyoni mwake mna nini, na hatumwombi atuambie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, walioshika kila kilichomtoka bila kukunja uso. Tunamshukuru mtaalamu wa maabara ambaye mwaka 2019 alisema ukweli mara mbili na hakusikilizwa. Tunawashukuru vijana wa uwanjani, madereva, majirani mliopika, mliochota maji na mliokesha nasi. Tunamshukuru Mama Bakuli, ambaye alifukuzwa nyumbani kwetu na akarudi. Kwa ofisi ya mkoa hatuna shukrani, tuna nakala ya karatasi hizi, ambayo itapelekwa kesho saa mbili asubuhi na itatiwa saini ya kupokelewa.

Uwanjani bado kuna matairi elfu moja mia moja na arobaini ambayo hayajaguswa. Kuanzia Jumamosi familia itakuwa humo, brashi zipo, na miji mitatu iliyobaki kijana wake ataifikia kwa lori kabla mwezi haujaisha. Mkitoka hapa, kabla hamjavua nguo za msiba, tunawaomba kila mmoja ainue kifuniko cha pipa lake, atazame sahani iliyo chini ya kopo la maua, kopo lililosahauliwa nyuma ya choo, tairi la mtoto la kuchezea. Tazameni kwenye mwanga. Mtakachokiona kitawatia kinyaa, na hicho kinyaa msikimeze.

Baba, uliyoagiza yasomwe tumeyasoma. Pumzika wewe kwa amani. Sisi bado.